Gagula na Moraa: Kuisoma Upya Mashimo ya Mfalme Sulemani katika Nchi ya Abagusii

Utangulizi

Ni vitabu vichache vilivyosomwa na vijana wa Afrika Mashariki kwa furaha kama Mashimo ya Mfalme Sulemani. Tafsiri hiyo ya riwaya ya H. Rider Haggard, iliyofanywa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1929, ilipita mikononi mwa vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Wengi waliokisoma walikumbuka kwa miaka mingi ramani iliyochorwa kwa damu, jangwa lisilo maji, milima miwili ya Sheba, vita vya kuwania kiti cha ufalme, na mlango wa jiwe unaoshuka taratibu na kuwafungia watu ndani ya chumba cha almasi. Wapo waliovutwa na kitabu hiki hadi wakaanza kuupenda usomaji wa Kiswahili wenyewe.

Kitabu hicho hicho kimelaumiwa sana kwa mtazamo wake wa rangi. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba Afrika ya Haggard ni ghala la mali linalomngoja mgeni; kwamba Wazungu watatu wanajifanya watu walioshuka kutoka nyotani na wenyeji wanawasadiki; na kwamba Foulata, msichana Mwafrika anayempenda Kapteni Good, anauawa na msuko kabla ya pendo hilo kuwa tatizo. Lawama hizo ni za haki, na makala haya hayakusudii kuzikariri. Yanakusudia kuonyesha kwamba kitabu hiki kinaposomwa Kisii na Nyamira, ubaguzi wake mzito zaidi haumo katika mambo hayo yanayotajwa mara kwa mara. Umo katika usawiri wa mhusika mmoja ambaye wahakiki wengi humpita upesi, na ambaye wasomaji hawamsahau kamwe: Gagool, au Gagula kama wasomaji wa Kiswahili walivyozoea kumwita.

Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba Gagula ndiye mhusika anayeikumbuka historia ya nchi yake na kuutambua tangu mwanzo mradi wa wageni, na kwamba riwaya inamfanya shetani kwa sababu hiyo hasa. Nchi ya Abagusii ina sababu mbili za kulitazama jambo hili kwa makini. Ya kwanza ni ya kihistoria: mwaka 1908 palikuwapo bibi mwaguzi aliyewaonya watu wake dhidi ya wageni, naye ni Moraa. Ya pili ni ya siku za karibuni: wazee, hasa wanawake, wameuawa na makundi ya watu kwa kushukiwa uchawi. Kati ya kumbukumbu hizo mbili, Gagula hawezi kusomwa kama kichekesho au kitisho cha watoto tu.

Kitabu na safari yake

Haggard alifika Natal mwaka 1875 akiwa kijana wa miaka 19, akiwa katika utumishi wa serikali ya kikoloni, na alikuwapo Pretoria mwaka 1877 Waingereza walipoitwaa Transvaal. Aliporudi kwao alianza kuandika. Habari inayojulikana ni kwamba alibishana na nduguye juu ya Treasure Island ya R. L. Stevenson, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, akadai kwamba angeweza kuandika hadithi ya kushindana nayo. Riwaya yake ilitoka Septemba 1885, mwaka uleule ambao Mkutano wa Berlin ulimalizika. Aliitabaruku kwa wavulana, wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo ni kitabu kilichotungwa kwa ajili ya kulea fikra za vijana wa taifa lililokuwa likijiandaa kuitawala Afrika.

Miaka 44 baadaye kitabu kiligeuza hadhira. Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na ambaye jina lake limo katika kamusi sanifu ya mwaka 1939, alikuwa akitafuta nathari ya kusomwa shuleni. Nathari ya Kiswahili iliyochapwa kwa hati za Kirumi ilikuwa haba. Akatafsiri Haggard, Stevenson na wengineo. Kwa njia hiyo hadithi iliyotungwa ili kumfunza mvulana Mwingereza jinsi ya kumtazama Mwafrika ikawa hadithi ya kumfunza mtoto Mwafrika kusoma. Jambo hilo si dogo katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Tafsiri hizo zilitoa kielelezo cha namna ya kupanga sura, kuchelewesha habari na kumweka msomaji katika taharuki, na wanahistoria wa riwaya ya Kiswahili wamekiri athari yake kwa waandishi waliofuata.

Kwa Abagusii kulikuwa na tofauti moja zaidi. Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani. Kilikuja pamoja na ofisi ya serikali, mahakama, soko na darasa, ilhali Ekegusii kilibaki lugha ya jiko na ya usiku. Mtoto wa Nyaribari au wa Borabu alisikia ngano kutoka kwa magokoro, yaani nyanya yake, kwa lugha moja, kisha asubuhi akaenda shuleni kusoma hadithi kwa lugha nyingine. Katika hadithi hiyo ya shuleni alimkuta bibi kizee mweusi aliyejikunyata karibu na mfalme, mwenye hekima nyingi, mwenye kujua habari za watu wa kale. Naye alielezwa kuwa ndiye asili ya uovu wote.

Usawiri wa Gagula

Mwandishi anamwingiza Gagula katika hadithi kwa mifano ya wanyama. Anapoonekana mara ya kwanza anadhaniwa kuwa kima aliyekauka aliyefunikwa ngozi. Uso wake ni mdogo kama wa mtoto mchanga lakini umejaa makunyanzi. Fuvu lake lisilo nywele linachezacheza kama kichwa cha swila. Hakuna mhusika mwingine wa Kukuana anayechorwa hivyo. Infadoos ni mzee vilevile, naye anapewa heshima ya askari mkongwe. Twala ni katili na mwenye sura ya kuchukiza, lakini anakufa kifo cha mpiganaji, kwa shoka, uso kwa uso na Bwana Henry Curtis. Uzee wa mwanamume katika riwaya hii ni heshima. Uzee wa mwanamke ni kuondoka katika ubinadamu.

Ni kweli kwamba Gagula ametenda maovu katika hadithi. Ndiye aliyemsimika Twala, na ndiye anayeongoza mkutano wa kutisha ambapo wanawake wanusaji wanawagusa watu katika safu za askari, na kila anayeguswa anauawa papo hapo. Anamchoma Foulata kisu. Hakuna uhakiki wa haki unaoweza kumsafisha kabisa. Lakini pakiwekwa kando matendo yake na yakasikilizwa maneno yake, hali inabadilika. Anapowaona wageni mara ya kwanza anatabiri kwamba nyayo za Mzungu zinakuja kutoka mbali na kwamba damu nyingi itamwagika. Anawauliza wanatafuta nini. Anajijibu mwenyewe kwamba wamefuata mawe yanayong'aa. Anakumbuka Wazungu waliowahi kufika zamani na anajua yaliyompata Mreno aliyeingia katika chumba cha hazina kabla yao.

Yote hayo ni kweli ndani ya hadithi yenyewe. Wageni hawakutoka nyotani, wametoka Durban. Bwana Henry anamtafuta nduguye, lakini ramani ya almasi imo mkobani, na Quatermain hasahau kujaza mifuko yake mawe hata anapokabiliwa na kifo ndani ya pango. Damu inamwagika kwa maelfu katika vita ambavyo kuwapo kwa wageni kumeviharakisha. Kila alilolisema Gagula kuhusu wageni linathibitishwa na msuko. Hata hivyo msuko haumpi sifa ya ukweli. Unampa sifa ya uchawi.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi mwishoni. Umbopa, ambaye sasa ni mfalme Ignosi, anapoagana na rafiki zake Wazungu, anatangaza kwamba hataruhusu wageni wengine kuingia katika nchi yake, wawe wafanyabiashara wenye bunduki na pombe au wahubiri. Kwa maneno mengine anaifanya siasa ya Gagula kuwa sheria ya nchi. Tahadhari iliyokuwa ushetani ilipotoka kinywani mwa kikongwe inakuwa busara ya utawala inapotoka kinywani mwa kijana mwanamume, rafiki wa Wazungu, tena baada ya Wazungu hao kupata walichokijia. Msimulizi anahuzunika kidogo, lakini anamsikiliza kwa heshima.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji mchanga hulipita kwa haraka. Gagula hawaongozi wageni hadi kwenye hazina kwa hiari yake. Anakataa. Ignosi anamtishia kifo na kumchoma kwa ncha ya mkuki hadi akubali. Kwa hiyo tendo la kwanza la mfalme mpya kwa ajili ya wageni wake ni kumtesa mzee wa nchi ili aitoe siri ya nchi. Riwaya haioni aibu katika tendo hilo, na imekwisha kumwandaa msomaji asione aibu pia, kwa sababu anayechomwa amekwisha kuitwa kima na nyoka.

Moraa na mkuki wa Otenyo

Hapo ndipo historia ya Abagusii inapoingia. Majeshi ya Waingereza yaliingia katika nchi hiyo kwa nguvu mwaka 1905. Mwaka 1907 ofisi ya serikali ilianzishwa Getembe, mahali ambapo leo ni mji wa Kisii na ambapo wenyeji walipaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Ofisa wake alikuwa G. A. S. Northcote, kijana aliyekuja kuwa gavana wa Hong Kong miaka 30 baadaye. Masimulizi ya Abagusii yanaeleza kwamba Sakawa, mwaguzi mashuhuri wa Kitutu, alikuwa amekwisha kutabiri ujio wa wageni na kujengwa kwa mji mahali hapo.

Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote na kumchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa lakini hakufa. Aliyemhimiza Otenyo, kwa mujibu wa masimulizi yaliyohifadhiwa Kitutu na kuingizwa katika vitabu vya historia, alikuwa Moraa, mwanamke mwaguzi na mganga. Moraa aliona ng'ombe wakichukuliwa na vijana wakinyenyekezwa, akawahimiza wapiganaji wasimame, na inasimuliwa kwamba aliwapa dawa ya kuwakinga na risasi. Jibu la serikali lilikuwa kali. Kikosi cha kuadhibu kilichoma nyumba, kikanyakua maelfu ya ng'ombe na kuua zaidi ya watu 200. Mauaji hayo yalimshtua hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu waziri katika Wizara ya Makoloni huko London, akaandika kuyalalamikia. Otenyo aliuawa. Masimulizi ya kwao yanadai kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Moraa na Gagula hawalingani katika kila jambo. Moraa alikuwa mtu wa kweli, na hakuna sehemu ya masimulizi inayomwonyesha akiwaua watu wake mwenyewe. Hata hivyo nafasi yao katika jamii inafanana kwa namna ya kushangaza. Kila mmoja ni mwanamke mwenye elimu ya siri, anayesikilizwa na wenye silaha, anayeyasoma mambo yajayo, na anayewaona wageni kuwa hatari wakati wengine wangali wakiwastaajabia. Haggard alikuwa ameishi jirani na Wazulu, na alijua kwamba waaguzi wa namna hiyo walikuwa nguvu ya kisiasa. Alichokifanya ni kuigeuza nguvu hiyo kuwa ugonjwa. Mtu aliyekwisha kumsoma Gagula mwaka 1885 na kisha akatumwa kutawala Afrika alikuwa na jina tayari la kumpa Moraa kabla ya kumwona.

Yafaa kukumbuka pia kwamba tafsiri ya Kiswahili ilitoka miaka 21 tu baada ya 1908. Wazee waliovikimbia vikosi walikuwa hai. Katika miaka iliyotangulia tafsiri hiyo serikali ilikuwa imewaandama wafuasi wa dini ya Mumbo, iliyoenea Gusii na Nyanza Kusini ikitabiri kuondoka kwa Wazungu, na baadhi ya viongozi wake walipelekwa uhamishoni Lamu. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza wa Kigusii aliyekifungua kitabu hiki huenda alikuwa na bibi nyumbani aliyeweza kumsimulia habari za Moraa. Darasa lilimpa Gagula. Halikumpa njia ya kuwauliza wawili hao maswali yaleyale.

Mwaguzi, mganga na mchawi

Ekegusii kina msamiati unaotenganisha kwa makini watu ambao riwaya inawachanganya. Omoragori ni mwaguzi, na kwa desturi kazi hiyo imekuwa ya wanawake zaidi. Mtu aliyefikwa na maradhi au msiba humwendea ili aijue sababu. Omonyamosira ni mtaalamu wa dawa za kukinga na kulipiza. Omorogi ni mchawi, anayedhuru kwa siri na usiku. Mwanamke wa kwanza ana heshima ya hadhara. Wa tatu anaogopwa na kuchukiwa. Kiswahili nacho kinatenganisha mwaguzi, mganga na mchawi, na msemaji mzuri wa lugha hachanganyi majina hayo.

Gagula ameunganishwa kutokana na wote hao. Anaagua kama omoragori, anawafichua wachawi kama mnusaji, na anachukiwa kama omorogi. Katika kumbukumbu ya wasomaji majina mawili ya kwanza yamepotea, likabaki la tatu. Jina Gagula lenyewe limekuwa neno la kumtania au kumtukana ajuza. Haya ndiyo matokeo ya usawiri: elimu ya mwanamke mzee, ambayo jamii iliigawa katika fani mbalimbali na kuipima, imefungwa katika mfuko mmoja ulioandikwa uchawi.

Sheria ya kikoloni ilifanya jambo lililo karibu na hilo. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 ilimwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na katika karatasi hiyohiyo ikamwadhibu anayemsingizia mwenziwe uchawi. Nia ya kuzuia mauaji ilikuwapo, lakini mwaguzi, mganga, mchawi na mshtaki walipangwa katika safu moja, kama ilivyokuwa katika riwaya. Kitabu na sheria vilitoka katika mazoea mamoja ya kufikiri.

Wazee wa Gusii na swali la leo

Lau jambo hili lingekuwa la kihistoria tu, lingetosha kuwaachia wanahistoria. Kati ya 1992 na 1994 Gusii ilikumbwa na wimbi la kuwaua watu walioshukiwa uchawi, na Justus Ogembo aliyatafiti mauaji hayo kwa kina na kuyatolea kitabu mwaka 2006. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto hadi kufa huko Kisii. Vyombo vya habari viliripoti wakati huo kwamba wanakijiji walidai kupata daftari katika shule ya msingi, lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya waliokusudiwa kurogwa. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma za namna hiyo hiyo.

Ingekuwa upuuzi kudai kwamba riwaya ya Haggard ndiyo iliyoyaleta mauaji hayo. Imani ya uchawi katika Gusii ni ya kale kuliko kitabu hicho. Tena watafiti wametaja mambo mengi yanayoichochea: ugomvi wa mashamba katika nchi yenye watu wengi na ardhi ndogo, maradhi yasiyoelezwa, wivu wa ukoo, na udhaifu wa vyombo vya usalama. Waliobeba viberiti hawakuhitaji kumsoma Haggard. Swali la mhakiki ni tofauti. Ni swali la kujua kitabu kinachopendwa kinamzoeza msomaji kuhisi nini anapomtazama kikongwe.

Riwaya yenyewe ina mgongano mkubwa kuhusu jambo hili. Kwa upande mmoja inalaani kuuawa kwa watu kwa tuhuma. Mkutano wa kunusa wachawi unaelezwa kwa uchungu, na Ignosi anaapa kwamba katika utawala wake hakuna mtu atakayeuawa bila kuhukumiwa. Hilo ni fundisho ambalo mwalimu wa Marani au wa Nyamira angelishukuru. Kwa upande mwingine, sura chache mbele, msomaji anaombwa afurahie kumwona bibi kizee akisagwa chini ya jiwe. Hakuna baraza lililokaa, wala hakuna anayemlilia. Waliouawa katika mkutano wa Twala walikufa kwa sababu waliguswa na kitu kinachodaiwa kuonekana na wanusaji peke yao. Gagula anakufa na msomaji anaridhika kwa sababu ya kitu ambacho kila mtu anakiona: sura yake, makunyanzi yake, umri wake. Riwaya imekomesha unusaji wa Wakukuana, kisha ikamfanya msomaji awe mnusaji.

Utetezi wa kitabu

Yapo mambo matatu yanayoweza kusemwa kukitetea kitabu hiki, na yanastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba Haggard hakuwa mbaguzi wa kawaida wa siku zake. Quatermain, mwanzoni mwa masimulizi yake, analikataa tusi ambalo Wazungu waliwaitia Waafrika, na anakiri kwamba amewajua Waafrika waungwana na Wazungu wasio waungwana. Ignosi ni mfalme kamili. Hayo ni kweli, na yanaeleza kwa nini msomaji Mwafrika aliweza kukipenda kitabu bila kujidharau. Lakini uungwana huo umegawiwa kwa masharti. Unapewa askari, mfalme na msichana mzuri anayekufa akikubali mpaka wa rangi. Haupewi mwanamke anayekataa.

La pili ni kwamba ajuza mbaya yumo katika ngano za dunia nzima, zikiwamo za Kiafrika. Ni kweli tena. Lakini katika ngano za Kiswahili bibi kizee anayekaa pembezoni mwa mji huweza kuwa mlaghai katika ngano moja na mshauri katika nyingine. Shujaa hupita kwake kupata ushauri, na asiyemsikiliza hupotea. Methali inasema penye wazee hapaharibiki neno, na nyingine inaonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kinachokosekana katika Mashimo ni uwezekano huo wa pili. Hakuna bibi kizee mwingine katika riwaya nzima anayeweza kuwekwa mkabala na Gagula. Yeye peke yake anabeba uzee wote wa wanawake Waafrika.

La tatu, ambalo ndilo zito, ni kwamba kitabu kilichowapa watu furaha kubwa namna hiyo hakifai kuvuliwa heshima na wahakiki waliozaliwa baadaye. Jibu ni kwamba furaha hiyo haikanushwi. Sura ya pango ni miongoni mwa sura za kutia hofu zilizofanikiwa zaidi katika nathari iliyosomwa kwa Kiswahili, na ufanisi wake hautokani na kitu kingine ila Gagula. Bila yeye hakuna atakayesimulia habari za wafalme waliogeuka mawe wakiizunguka meza, wala hakuna atakayeufunga mlango. Ndiye nguzo ya kisanaa ya kitabu. Kumheshimu Haggard kama fundi kunadai kwamba mhusika wake mkubwa asomwe kikamilifu, pamoja na maneno yake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ubaguzi wa Mashimo ya Mfalme Sulemani unafanya kazi kwa nguvu zaidi mahali ambapo rangi, jinsi na umri vinakutana. Gagula anaukumbuka uvamizi wa zamani, anautambua ule wa sasa, anateswa ili aitoe hazina, na anauawa na msuko. Kisha sera yake inachukuliwa na mfalme kijana bila jina lake kutajwa. Historia ya Abagusii inamtoa Moraa kama shahidi kwamba mwanamke wa namna hiyo hakuwa ndoto ya kutisha. Alikuwa raia mwenye maoni juu ya hatima ya nchi yake.

Haifuati kwamba kitabu kiondolewe katika maktaba za shule. Kukificha kungemwacha Gagula katika kumbukumbu za wazazi waliokwisha kumsoma, bila mtu wa kumjibu. Inafuata kwamba chapa yoyote mpya itakayokusudiwa shule iwe na dibaji inayoeleza kilitungwa lini, kwa ajili ya nani, na kilifikaje katika Kiswahili. Inafuata pia kwamba katika shule za Kisii na Nyamira kisomwe sambamba na masimulizi ya mwaka 1908 yaliyokusanywa kutoka kwa wazee wenyewe, wake kwa waume. Zoezi moja lingetosha kuanza nalo. Mwanafunzi aandike katika safu moja kila jambo ambalo Gagula analisema kuhusu wageni, na katika safu ya pili kila jambo ambalo msimulizi analisema kuhusu uso wa Gagula. Kisha aulizwe ni safu ipi iliyothibitishwa na hadithi, na ni ipi aliyoikumbuka baada ya kukifunga kitabu.